Shajara ya mjengo, mtaa wa Utawala, Nairobi: udongo mweusi utakwenda wapi?

Januari, kabla ya tingatinga

Wiki hii hakuna kilichochimbwa ila mashimo ya majaribio, lakini bajeti imeshabadilika, kwa hivyo naandika.

Ploti ni ile ya kawaida ya huku, futi 50 kwa 100, ndani kidogo kutoka Eastern Bypass. Udongo wake ni ule mweusi wa pamba, ambao kila aliyewahi kutembea Embakasi, Ruai au Kitengela siku ya mvua anaujua: unarudi nyumbani ukiwa umeubeba chini ya viatu. Wenzetu wa Karen na Runda wana udongo mwekundu, nao wakichimba msingi hawakosi mtu wa kitalu cha miche wa kuuomba. Wetu hakuna anayeuomba.

Injinia alitaka shimo kila pembe ya nyumba na moja katikati. Juu kuna tabaka jembamba lenye mizizi ya nyasi. Chini yake ni udongo mweusi mtupu, mkavu, sururu inadunda. Nyufa za kiangazi ni kubwa hivi kwamba foromani alichomeka kipande cha nondo kwenye mmoja kikazama mpaka karibu na goti. Ukizidi kushuka unakutana na vijiwe vyeupe vya chokaa, kisha mwamba uliooza, wa kijivu na manjano, unaoweza kuuvunja kwa mkono, halafu mwamba wenyewe. Upande wa juu wa ploti mwamba hauko hata mita moja chini. Upande wa barabara umeshuka zaidi.

Nikamuuliza injinia kama ni lazima udongo wote utoke chini ya nyumba. Akaagiza chupa ya plastiki, akaikata shingo, akasaga bonge kavu na kumimina unga wake ndani mpaka nusu. Akapiga mstari kwa kalamu ya wino, akajaza maji, akaenda zake. Kesho yake nilipofika, udongo ulikuwa umepanda juu ya ule mstari kwa zaidi ya upana wa vidole viwili, na sikuwa nimeongeza hata chembe.

Sababu yake iko ndani ya udongo wenyewe. Una madini ya mfinyanzi yaitwayo montimorilonaiti, yaliyojengeka kwa tabaka nyembamba sana, na maji huingia kati ya tabaka hizo na kuzisukuma zitengane. Kiangazi maji hutoka, udongo hunywea, ndipo nyufa huonekana. Nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka kila mwaka, tena si kwa usawa: kingo hulowa kwanza, katikati chini ya sakafu hubaki pakavu. Ukiona nyumba ya huku ina ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha, mara nyingi umeona kazi ya udongo huu.

"Mama, chaguo ni lako," injinia aliniambia. "Tuuondoe, ama tuiache sakafu ielee juu ya nguzo na mihimili, isiuguse kabisa." Nilitaja chokaa, maana niliwahi kusoma kwamba barabara hutengenezwa kwa kuchanganya udongo mweusi na chokaa. Akasema ni kweli, lakini hiyo ni kazi ya mashine kubwa na eneo kubwa, na kwa nyumba ya chini isiyo na ghorofa, huku mwamba uko karibu namna hii, kuchimba ndiyo njia rahisi. Tukakubaliana kuchimba.

Hesabu

Fundi wa kwanza niliyemwomba bei aliandika mstari mmoja: "kuchimba na kutoa udongo," na pesa kando yake. Hakuandika kina wala idadi ya lori, na mahali udongo utakapomwagwa hakupataja kabisa. Nilimrudishia karatasi yake. Mstari kama huo ndio hugeuka ugomvi katikati ya kazi, shimo likiwa wazi na wewe huna pa kwenda.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Nyumba ni mita 9 kwa 12. Ongeza nusu mita kila upande ili mafundi wapate pa kusimama, unapata 10 kwa 13, yaani mita 130 za mraba. Kina cha wastani tumekiweka mita moja, kwa hivyo ni mita 130 za ujazo. Kisha shimo la maji taka, maana mfereji wa maji taka wa kaunti haujafika huku kwetu: mita 3 kwa 2, kina 2.5, hiyo ni 15 nyingine. Watu wengi husahau shimo hili kwa sababu huchimbwa mwishoni, wakati lori zimeshaondoka, na udongo wake huishia kurundikwa nyuma ya jikoni kwa miaka.

Jumla ni 145. Lakini hizo ni mita za udongo ukiwa bado ardhini, umeshikana. Ukishachimbwa hulegea, na mfinyanzi kama huu huongezeka kwa kati ya robo na theluthi. Tulipiga kwa asilimia 30, tukapata karibu 190. Hiyo 190 ndiyo ya kumlipa mwenye lori, na 145 ndiyo ya kumlipa mwenye tingatinga. Ukizichanganya, mmoja wao atakula hasara au wewe utakula.

Mwenye lori alisema tipa yake ni ya "tani 18". Tani peke yake haikusaidii. Nilichukua futi kamba ya fundi nikapima bodi, yaani sanduku la nyuma la kubebea mzigo: urefu mita 4.8, upana 2.3, kina 1.1. Hiyo ni mita za ujazo 12 na kidogo ikijazwa mpaka ukingoni. Gawanya 190 kwa 12 upate idadi ya safari, na hapo ndipo uanze kupatana bei. Canter, lile lori dogo, huvutia kwa sababu bei yake ya safari moja iko chini, lakini hubeba kiasi kidogo sana cha huo mzigo. Ukiigawa bei kwa mita ya ujazo utaona tipa kubwa ndiyo nafuu, mradi tu barabara ya kuingilia inairuhusu.

Na usisahau maji. Udongo mkavu uliolegea una uzito wa kama tani moja na robo kwa mita ya ujazo. Ukilowa unapita tani moja na nusu, na hapo bodi ya mita 12 inafika tani 18 hata kabla hujarundika juu ya ukingo. Ndiyo maana tulitaka kazi hii iishe kabla ya mvua ndefu za Machi.

Nani anautaka

Nilitumia siku kadhaa kwenye simu na miguuni. Matokeo:

Mama mmoja wa mtaa wa pili ana shamba la arrowroot (nduma) na nyasi za napier kwenye bonde, akasema ataleta mkokoteni achukue wa juu wenye mizizi. Udongo mweusi si mbaya kwa kilimo. Mpunga wa Mwea unamea humohumo, kwa sababu unashika maji. Tatizo lake ni kuubebesha nyumba.

Mzee mwenye ploti tupu upande wa chini alitaka wote, bure, ajaze ploti yake ili iwe sawa na barabara. Ukiangalia mfuko wangu, hiyo ilikuwa neema. Nilimuuliza anajaza ili afanye nini, akasema mwanawe anapanga kujenga hapo. Nikakataa, na nikamweleza kwa nini. Alinuna kidogo. Lakini kumjazia mtu udongo mweusi mahali atakapojenga ni kumfungia mzigo ambao mtoto wake ataulipia mara mbili: kuuleta na kuutoa.

Mwishowe tulipata timbo la zamani, mbele kuelekea Njiru, ambalo mwenyewe analijaza. Mawe yalichimbwa humo mpaka yakaisha, likabaki shimo la hatari linalojaa maji kila msimu. Anatoza kila lori linaloingia, na anatoa risiti. Anakataa takataka, matofali yenye nondo na mifuko ya simiti. Anataka udongo mtupu. Nilikwenda kupaona mwenyewe kabla ya kukubali, kwa sababu "tuna mahali" ni maneno ambayo kila mwenye lori Nairobi anayo mdomoni.

Kuhusu sheria, kwa ufupi. Kanuni za usimamizi wa taka zinamfanya mzalishaji wa taka awajibike kwa taka zake, zinataka anayezisafirisha awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, na zinakataza kumwaga barabarani au mahali pa umma. Kando ya mito kuna ukanda wa hifadhi, kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wa mto, ambao haufai kuguswa. Hata bila sheria, kila anayeishi jiji hili anakumbuka Aprili 2024, mito ya Mathare na Ngong ilipofurika na kubeba nyumba za watu. Mkondo ukijazwa udongo, maji hayafi. Yanatafuta mlango mwingine, na mara nyingi huo mlango ni wa mtu aliyejenga kwa mabati.

Februari, tingatinga laingia

Kabla injini haijawashwa tulikubaliana na mwendeshaji mpangilio wa kuchimba, na huu ndio uliotuokolea pesa kuliko kitu kingine chochote. Angekwangua kwanza tabaka la juu, aliweke nyuma ya ploti peke yake. Kisha atoe udongo mweusi mtupu moja kwa moja kwenye lori, usilale ardhini. Mwamba uliooza aurundike upande wa lango. Kila kimoja mbali na kingine.

Mwendeshaji alilalamika kwamba tunamchelewesha. Kwake ni rahisi zaidi kuzamisha ndoo mpaka chini na kuinua vyote kwa mkupuo. Lakini ukishachanganya vitatu hivyo huna tena kitu cha maana: wa juu haufai tena shambani, mwamba uliooza haufai tena kujazia, na vyote unalipia viondoke. Foromani alisimama karibu na ndoo siku nzima. Kila rangi ya udongo ilipobadilika aliinua mkono, ndoo ikasimama.

Ukuta wa jirani wa kushoto ulitupa kazi. Tingatinga lilianza kurundika tabaka la juu kando yake kwa sababu palikuwa na nafasi. Ukuta ule ni wa mawe ya inchi sita, hauna nguzo za kutosha, nao haukujengwa usukumwe kutoka pembeni. Jirani alitoka na kikombe mkononi, hakusema neno, akaukazia macho tu. Tukauhamishia udongo katikati ya nyuma, rundo lisizidi kimo cha mtu, mbali na ukuta na mbali na ukingo wa shimo. Huo ukingo nao una lake: udongo ulioachwa pembeni mwa mtaro wa msingi unaweza kuuporomosha juu ya mtu aliye ndani. Tuliweka mpaka wa mita moja kwa kamba na vigingi, na kibarua yeyote aliyemwaga koleo ndani ya kamba alirudi kulitoa.

Lori

Kila lori liliandikwa kwenye daftari la kurasa mbili: namba ya gari, saa ya kutoka, sahihi ya foromani, sahihi ya dereva. Likirudi lilileta risiti ya timbo, nayo ikabanwa kwenye mstari uleule. Malipo yalitumwa jioni kwa M-Pesa, kwa risiti zilizopo, si kwa maneno. Wenye lori hawaupendi mpango huu. Wanapenda "tutahesabu mwishoni, madam." Mwishoni ni wakati ambao wewe umechoka na wao wana hasira.

Kuhusu bodi isiyojaa: kijana wa foromani alipanda ngazi kila mara kuangalia. Ukitazama kutoka chini, rundo la katikati hukudanganya, pembe nne zikiwa tupu. Tulikuwa tukimwomba mwendeshaji akandamize pembe kwa ndoo kabla ya kuondoka, na kufunika na turubai. Bila turubai, udongo mkavu hupeperuka mpaka kwenye kamba za nguo za watu, na hapo utakutana na wanawake wa korti nzima, yaani kitongoji chetu, kabla ya saa sita.

Siku moja lori moja lilirudi mapema mno. Kwenda Njiru na kurudi kwa mwendo wa lori lililojaa, pamoja na foleni ya langoni, ni muda unaojulikana. Huyu alirudi kabla ya mwenzake aliyemtangulia. Nikamwomba risiti. Akasema mashine ya risiti imeharibika. Nikampigia mwenye timbo, akasema mashine iko sawa na gari hilo hajaliona tangu asubuhi.

Tanboi, msaidizi wa dereva, ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, dereva akiwa ameenda kununua maji. Walikuwa wamemwaga kwenye kijito nyuma ya mtaa unaofuata, pale watu huvuka kwa mbao. Tulikwenda, mimi na foromani na dereva mwenyewe. Udongo ulikuwa umelala ukingoni, nusu yake imeshateleza majini, na maji yalikuwa yameanza kuzunguka upande wa pili kuelekea kwenye uzio wa mabati wa nyumba ya mtu.

Mazungumzo hayakuwa marefu. Dereva alisema "kila mtu humwaga hapo," na kweli kulikuwa na marundo ya zamani yameota nyasi. Nikamwambia hao wengine siwajui, lakini rundo hili lina rangi ya ploti yangu. Mwenye lori alipofika aliona ni afadhali kulitoa kuliko kukosa pesa za siku zote zilizotangulia. Vibarua waliupandisha kwa koleo mpaka mahali pakavu, ukapakiwa, ukapelekwa unakostahili, kwa gharama yake. Yule dereva hatukumrudisha kazini. Tanboi wake tulimwombea nafasi kwenye lori jingine, na hilo nililitaka mimi.

Tangu hapo kila dereva alituma picha ya bodi ikiwa imeinuliwa ndani ya timbo, lango likionekana nyuma. Ni sharti dogo, halina gharama, na ningeliweka kwenye mkataba wa mtu yeyote anayejenga Nairobi.

Mwisho wa Februari

Mvua moja ya nje ya msimu ilitupata shimo likiwa karibu kumalizika. Haijanyesha hata saa mbili, lori lilikuwa limezama mpaka kwenye ekseli mita chache kutoka langoni, na udongo ulioganda kwenye magurudumu uliyafanya yazunguke bila kwenda popote. Tulilichomoa kwa kumwaga mwamba uliooza mbele ya matairi. Rundo lile lililotunzwa peke yake lilijilipia hapohapo. Baada ya hapo tulitandaza mwamba huohuo njia yote kutoka lango hadi barabarani, na kila lori lilikwanguliwa magurudumu kwa jembe kabla ya kutoka. Tope barabarani ndilo huleta kanjo (askari wa kaunti) haraka kuliko jambo lolote, na kusema kweli wana haki.

Shimo la maji taka lilichimbwa siku ileile ya mwisho ya tingatinga, kama tulivyopanga. Udongo wake uliondoka na lori za mwisho.

Machi

Sehemu ya chini imesafishwa mpaka mwamba unaonekana, isipokuwa kona moja ya upande wa barabara ambapo kulikuwa na mfuko wa udongo mweusi uliojificha kwenye bonde la mwamba. Vibarua waliutoa kwa mkono. Injinia aliingia na nyundo, akagonga kila baada ya hatua, akisikiliza. Mkaguzi wa kaunti amekuja, ameona, ametia sahihi. Sasa tunaweza kumwaga zege ya msingi, halafu yanaingia mawe ya kujazia na maramu, ule udongo wa changarawe, juu yake, kwa tabaka za sentimita 15 zikimwagiwa maji na kushindiliwa moja moja. Bei ya maramu ni habari nyingine, ila ieleweke tu kwamba shimo unalolipa kulichimba utalipa tena kulijaza.

Kilichobaki kwenye ploti: rundo la tabaka la juu, ambalo nusu yake mama wa arrowroot ameshachukua na nusu itakuwa bustani yetu ya sukuma wiki, ikichanganywa na samadi. Na mwamba uliooza, kiasi cha lori mbili tatu. Injinia hataki uingie chini ya sakafu bila kupimwa, lakini kwa maegesho ya gari anaukubali.

Sehemu yake haitafika kwenye maegesho. Chama cha wakazi kimeniandikia kuhusu mashimo ambayo lori zimeacha kwenye barabara ya korti. Nimekwenda kuyaona na mwenyekiti, tukahesabu ni yapi ya lori zangu na ni yapi ya zamani, tukabishana juu ya mawili. Nimekubali yote, kwa sharti kwamba chama kitaleta roli ya kushindilia na mimi nitoe mwamba na vibarua. Mwenyekiti anasema roli itapatikana Alhamisi. Foromani amewaambia vibarua waje Ijumaa.